Sura ya Tano: Thamani ya Nyumba ya Jirani

Mpangaji wa chumba kimoja Manzese, Dar es Salaam, anaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi, ujumbe unaoingia kwenye simu yake kutoka LUKU, mfumo wa umeme wa kulipia kabla, unaonyesha makato pamoja na uniti alizopata. Mojawapo ya makato hayo ni kodi ya majengo, shilingi 1,500. Nyumba si yake na mita si yake. Sheria inamtaja mwenye jengo kuwa ndiye mdaiwa, lakini fedha imetoka mfukoni mwa mpangaji, naye hakuulizwa. Mwezi huohuo, kule Masaki, mwenye nyumba pana isiyo na ghorofa, yenye bustani, kisima na kibanda cha mlinzi getini, naye ananunua umeme. Anakatwa shilingi 1,500.

Kwa mwaka ni shilingi 18,000 kwa kila nyumba. Tuseme ile ya Manzese ingeuzwa kwa milioni 15 na ile ya Masaki kwa milioni 600. Ya kwanza inalipiwa shilingi 1,200 kwa kila milioni ya thamani yake. Ya pili inalipiwa shilingi 30 kwa kila milioni. Nyumba ndogo imebebeshwa mzigo mara arobaini ya ule wa nyumba kubwa, na bado risiti zote mbili zinasomeka sawa. Hakuna Bunge lililowahi kukaa likapitisha kwamba mnyonge atozwe mara arobaini ya mwenye nacho. Tulifika hapa hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na sababu ya kueleweka, na ndiyo maana dhuluma hii ni ngumu kuikamata.

Sheria ya mwaka 1983 iliyozipa mamlaka za miji uwezo wa kutoza kodi ya majengo ilitaka jengo litozwe kwa thamani yake. Ardhi haikuhesabiwa, kwa kuwa ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais na ina kodi yake ya pango. Kazi ilikuwa ya mthamini: kufika, kulikagua jengo, kuliandikia thamani kwenye daftari la uthamini, kisha mwenye jengo apewe nafasi ya kuweka pingamizi. Ulikuwa utaratibu mzuri. Ila halmashauri hazikuwa na wathamini wa kutosha, na miji haikuwasubiri. Dar es Salaam ilitanuka kwa nyumba za viwanja visivyopimwa, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabanda ya uani mtoto wa kwanza akioa. Daftari lilipokamilika, mtaa ulishabadilika. Nyumba chache zilizowahi kuthaminiwa zikawa zinalipa kwa thamani. Jirani zake wengi wakalipa kiwango cha jumla au hawakulipa chochote.

Ukusanyaji nao ukapigwa danadana. Mwaka 2008 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilipewa kazi hiyo kwa Dar es Salaam. Mwaka 2014 ikarudishwa kwa halmashauri. Mwaka 2016 ikachukuliwa tena. Mwaka 2017 majengo ambayo hayajathaminiwa yakawekewa kiwango kimoja, shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2021 kodi ikaunganishwa na LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mjini. Mwaka 2023 ikapanda kufikia 1,500 na 7,500. Mthamini, ambaye sheria ya 1983 ilimweka katikati ya shughuli yote, hana tena nafasi katika hesabu hiyo.

Nakubali faida za njia hii, na si ndogo. Hakuna mtoza ushuru anayegonga mlango akitaka apewe chochote ili apunguze bili. Hakuna foleni. Mwenye nyumba ya Masaki ambaye zamani angeweza kukaa miaka mitano bila kulipa, sasa analipa, maana bila umeme hakai. Nchi ambayo kwa miaka mingi ilikusanya sehemu ndogo tu ya kodi hii ilipata njia ya kuwafikia wengi kwa gharama ndogo.

Lakini mita ya umeme inapima umeme. Haijui kama nyuma yake kuna vyumba viwili vya matofali ya kuchoma au jumba la vyumba vinane. Haijui nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Malalamiko yalianza mwezi uleule wa Agosti 2021 mfumo ulipowashwa: nyumba moja yenye mita kadhaa ikitozwa kwa kila mita, wapangaji wakilipa deni la mtu mwingine. Jibu lililotolewa ni kwamba mpangaji apatane na mwenye nyumba wake, fedha hiyo ikatwe kwenye pango. Anayejua maisha ya kupanga Dar es Salaam, pango la miezi sita likidaiwa kwa mkupuo na dalali akisubiri cha kwake, anajua mpangaji huyo ana nguvu kiasi gani ya kudai arudishiwe 1,500 kila mwezi.

Na tazama ghorofa. Mtu aliyejibana akapandisha sakafu ya pili kwenye kiwanja chembamba, kwa sababu familia imekua na ardhi imekwisha, anahesabiwa kuwa na jengo la ghorofa. Kila sakafu inatozwa mara tano ya nyumba nzima ya chini, hata kama nyumba hiyo ya chini imetandazwa juu ya robo eka ufukweni. Kipimo kimeangalia umbo la nyumba, na umbo linasema machache sana kuhusu uwezo wa mwenye nyumba.

Hoja yangu katika sura hii ni kwamba kodi ya majengo huwa ya haki au ya dhuluma pale thamani inapoandikwa, muda mrefu kabla bili haijachapwa. Wanasiasa hupigania kiwango, magazeti huandika kuhusu kiwango, na wananchi huandamana dhidi ya kiwango. Mara nyingi mtu anaonewa kwenye safu nyingine ya daftari, ile ambayo hakuna anayeifungua.

Nairobi inaonyesha jambo hili vizuri, kwa sababu Nairobi ilikuwa na daftari. Kodi ya ardhi ya jiji hilo hutozwa kwa thamani ya kiwanja kitupu, bila kuhesabu kilichojengwa juu yake. Sheria ya Kenya ilitaka daftari jipya litayarishwe angalau kila baada ya miaka kumi, isipokuwa waziri aruhusu muda mrefu zaidi. Daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 likatumika karibu miaka arobaini. Wakati lilipoandikwa, Upper Hill ulikuwa mtaa wa nyumba za maofisa wa serikali na wa reli, na Kilimani ilikuwa ya nyumba za chini zenye ua mkubwa. Leo Upper Hill ni minara ya benki na bima, na Kilimani ni maghorofa ya makazi yanayosongamana hadi barabarani.

Ili mapato yasikauke, jiji lilipandisha asilimia mpaka ikafika 34 kwa mwaka. Mgeni akisikia kodi ya asilimia 34 ya thamani ya ardhi atashtuka. Ila ilikuwa asilimia 34 ya thamani ya enzi nyingine, kiasi ambacho hakingetosha kununua hata upenyo wa kuingilia kwenye kiwanja hicho leo. Kiwango kisipotajwa pamoja na tarehe ya thamani ambayo kinazidishwa nayo, hakisemi kitu.

Sasa weka viwanja viwili vilivyoandikwa shilingi 200,000 kila kimoja kwenye daftari la zamani. Vyote vilitozwa 68,000 kwa mwaka. Kimoja kiko mahali ambapo barabara haikufika wala wawekezaji hawakuja, na leo kingeuzwa kwa milioni 30. Kingine kilipitiwa na bahati ya jiji, kinauzwa kwa milioni 150. Kwa miaka yote hiyo wenye viwanja hivi walilipa sawa, maana daftari lilisema viko sawa, na daftari lilikuwa halisemi kweli tena. Kiwango kipya kinachotegemea daftari la 2019 ni asilimia 0.115. Kwa kipimo hicho, wa kwanza anashuka hadi 34,500 na wa pili anapanda hadi 172,500. Huyo wa pili ndiye aliyesikika akilalamika kwamba amepandishiwa kodi. Wa kwanza, aliyekuwa akimlipia mwenzake kwa miongo, hata hakujua kwamba kuna jambo la kulalamikia.

Daftari likilala, watu wawili waliokuwa sawa zamani huendelea kutozwa kana kwamba wako sawa, na anayefaidika hupata muda wa kuamini kwamba punguzo lake ni haki yake. Mwaka hadi mwaka kulirekebisha kunakuwa kugumu kisiasa. Uingereza inathibitisha hilo: bili za kodi ya makazi huko England bado zinatokana na bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Serikali za vyama vyote viwili vikubwa zimekuja zikaondoka bila kuthubutu kuthamini upya.

Marekani suala hili lilifika hadi Mahakama ya Juu, mara mbili ndani ya miaka minne. Katika kaunti ya Webster, jimbo la West Virginia, mthamini alikuwa na desturi ya kuiandikia mali thamani kwa bei iliyouzwa karibuni, huku mali ambazo hazijauzwa akiziacha na thamani zake za zamani, akiziongezea kidogo tu mara moja moja. Kampuni za makaa ya mawe zilizonunua ardhi zikajikuta zimeandikiwa thamani mara 8 hadi mara 35 ya jirani zao wenye ardhi ya aina ileile. Mwaka 1989 majaji wote tisa walikubaliana kwamba huo ni ubaguzi unaokiuka katiba. Kwa mwendo ule wa nyongeza ndogondogo, ingechukua zaidi ya miaka 500 kwa majirani kufikia thamani moja.

Mwaka 1992 mahakama ileile ikaletewa kesi ya California. Huko wapiga kura walikuwa wamepitisha Pendekezo namba 13 mwaka 1978: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani, thamani isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, na nyumba ithaminiwe upya ikiuzwa tu. Stephanie Nordlinger alinunua nyumba Los Angeles mwaka 1988 kwa dola 170,000, akatozwa takriban dola 1,700 kwa mwaka. Majirani waliokuwa na nyumba kama yake, walizozinunua katikati ya miaka ya 1970, walilipa karibu moja ya tano ya hiyo. Alishindwa, majaji wanane kwa mmoja. Mahakama ilisema jimbo lina sababu ya maana ya kuwalinda wakazi wa muda mrefu, na kwamba mnunuzi mpya anajua atakacholipa kabla hajanunua. Tofauti na Webster ilikuwa kwamba kule mtumishi mmoja alikiuka sheria ya jimbo lake iliyotaka usawa, na huku wananchi wenyewe waliamua kwa kura.

Naielewa hukumu ile ya pili kisheria. Siikubali kama kipimo cha haki. Mzee ambaye mtaa umepanda bei akiwa ndani ya nyumba yake anastahili kulindwa, na zipo njia za kumlinda: kumruhusu alipe nyumba itakapouzwa, au kumsamehe kwa umri, kama Tanzania inavyomsamehe mwenye miaka 60 na zaidi kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Kupotosha daftari zima ili kumwokoa yeye kunawaokoa pamoja naye matajiri wasiohitaji huruma ya mtu, na bili inapelekwa kwa kijana anayenunua nyumba yake ya kwanza.

Hata hivyo, kesi iliyonifunza zaidi ilitoka Chicago, na haikuanzia mahakamani. Mwaka 2017 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu ofisi ya mthamini wa kaunti ya Cook, ambayo jiji hilo limo ndani yake. Mthamini aliyechaguliwa, Joseph Berrios, alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha Democratic katika kaunti hiyo. Waandishi walifanya jambo ambalo ofisi yenyewe haikuwa ikilifanya hadharani. Walichukua nyumba zilizouzwa, wakalinganisha bei iliyolipwa na thamani iliyoandikwa.

Kipimo hiki ni rahisi kiasi kwamba diwani yeyote anaweza kukidai. Gawanya thamani ya daftari kwa bei ya mauzo. Kama daftari ni la haki, jibu litakaribiana kwa nyumba zote, ndogo na kubwa. Chama cha kimataifa cha wathamini wa kodi kinataka kwa nyumba za makazi wastani wa kupishana na jibu la katikati usizidi asilimia 15. Kisha uliza swali la pili: jibu linashuka kadiri bei inavyopanda? Likishuka, nyumba za bei ya chini zimeandikiwa zaidi na za bei ya juu zimeandikiwa pungufu, na kodi inamtoa maskini sehemu kubwa zaidi ya mali yake.

Katika kaunti ya Cook lilishuka. Wakazi wa mitaa kama North Lawndale na Little Village, ya watu weusi na ya Walatino wa kipato cha chini, walibeba kiwango halisi kikubwa kuliko wakazi wa Gold Coast, ufukweni mwa ziwa. Christopher Berry wa Chuo Kikuu cha Chicago alichambua takwimu zilezile na kuona mwelekeo uleule. Baadaye alitazama nchi nzima, akakuta tatizo halikuwa la Chicago pekee.

Hakukuwa na haja ya mtu kupanga njama. Mthamini anapokadiria nyumba asizoziingia huzivuta zote kuelekea wastani, kwa hiyo iliyochakaa huandikwa juu na ya fahari huandikwa chini. Bei zilipoporomoka baada ya 2008, mitaa maskini ndiyo iliyoporomoka zaidi, na daftari lilichelewa kuifuata. Halafu ikaja rufaa. Rufaa iliwekwa ili kusahihisha makosa, lakini wenye nyumba za thamani ndio walioitumia zaidi, wakiwa na mawakili waliobobea. Miongoni mwa mawakili wakubwa wa kazi hiyo walikuwa Michael Madigan, spika wa bunge la jimbo, na Edward Burke, diwani mwenye nguvu kuliko wengi jijini. Waliotunga sheria za kodi walikuwa na ofisi za kuwapunguzia wateja kodi hiyohiyo.

Na hapa pana jambo ambalo mlipa kodi wa kawaida huwa haelezwi. Chicago, kama miji mingi ya Marekani, huamua kwanza jumla ya fedha inayohitajika kwa shule, zimamoto na barabara, kisha huigawa kwa wenye mali kulingana na thamani zao. Jumla haipungui kwa sababu mtu ameshinda rufaa. Kila punguzo alilopata mwenye jengo la kifahari lilitawanywa kwa wasiokata rufaa. Mama mjane wa North Lawndale aliyepokea bili akailipa kwa wakati, bila kumsumbua mtu, alikuwa akiwalipia wale.

Machi 2018 Berrios alishindwa katika kura za ndani za chama chake na Fritz Kaegi, mtu wa masoko ya fedha ambaye kampeni yake yote ilikuwa kuhusu uthamini. Kaegi aliweka wazi kwenye intaneti programu yenyewe inayokadiria thamani za nyumba, kila mtu aweze kuikagua. Thamani za majengo ya biashara katikati ya jiji zilipanda. Wenye majengo hayo wakaenda kwenye bodi ya rufaa, chombo kingine cha kuchaguliwa, na bodi ikayapunguza mengi. Mvutano kati ya ofisi hizo mbili ulibaki, lakini sasa unafanyika kwa namba ambazo mwandishi wa habari au mwanafunzi anaweza kuzikagua mwenyewe.

Je, haya yanawezekana kwetu, ambako bei za nyumba hazijulikani? Hilo ni swali la haki. Wengi huuziana kwa hati ya serikali ya mtaa, na bei inayoandikwa mara nyingi ni ndogo kuliko iliyolipwa, ili kukwepa kodi nyingine. Bila bei za kweli, kipimo cha Chicago hakina cha kupimia.

Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ilikuwa na shida hiyohiyo. Kodi yake ilitegemea zaidi ukubwa wa jengo, kwa hiyo banda kubwa la mabati lingeweza kukaribiana bili na jumba la kisasa mlimani lenye mandhari ya bahari. Mwaka 2020, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, mji ulitumia picha za setilaiti kuhesabu majengo, na idadi iliyo kwenye daftari ikazidi maradufu. Kisha watumishi walipita mitaani wakiandika yale yanayoonekana kutoka nje: paa ni la nini, kuta ni za nini, kuna viyoyozi, gari linafika mlangoni, bahari inaonekana. Kila sifa ilikuwa na pointi, na pointi zikaleta thamani. Bili za nyumba duni zilishuka, za majumba zikapanda sana, na wenye majumba walipinga, kama ilivyotarajiwa. Makadirio ya pointi si kamilifu. Ubora wake ni kwamba mwenye nyumba anaweza kusimama barabarani na karatasi yake mkononi, akatazama nyumba ya jirani, akajua kama wametendewa sawa.

Tanzania imeshafanya sehemu ngumu ya kazi hii. Sensa ya 2022 ilihesabu pia majengo, zaidi ya milioni 14. Majibu ya kaya kwenye sensa ni siri kisheria, na yabaki hivyo. Asitokee ofisa wa kodi akayafungua, maana watu hawatasema kweli tena. Lakini mwaka huohuo ilifanyika operesheni ya anwani za makazi, na namba zikawekwa kwenye nyumba na majina ya barabara kwenye nguzo. Anwani inaweza kubeba bili ya mwenye jengo, ikatengana na mita ya anayepanga. Paa, kuta, sakafu na barabara vinaonekana kwa macho, na mwenyekiti wa mtaa pamoja na mabalozi wanaijua mitaa yao kuliko programu yoyote. Kiwango cha chini kinaweza kubaki kwa nyumba duni kabisa, na juu yake kiwekwe ngazi zinazopanda kwa pointi. LUKU iendelee kukusanya, kwa anayependa kulipa kidogo kidogo, mradi kiasi kiwe kimetoka kwenye uthamini.

Ningetaka mambo mawili zaidi yaandikwe kwenye sheria yenyewe, yasiachwe kwa hiari ya waziri. La kwanza ni tarehe: daftari lirudiwe kila baada ya miaka michache, na likipita muda wake libatilike, ili serikali isiyopenda kelele ishindwe kuliacha lilale miaka arobaini. La pili ni kwamba orodha ya thamani za mtaa mzima ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, nyumba kwa nyumba, pamoja na pointi zilizohesabiwa, na pingamizi lisikilizwe hapohapo kwenye kata, bila ada na bila wakili, kabla ya bili ya kwanza kutoka.